Mwanafunzi wa sheria mpe bahasha, usimpangie

Wanafunzi wa sheria wanaokuja field kwenye ofisi za mawakili hapa Moshi wana vifungu kichwani, na wengine wanavitaja vizuri kuliko sisi tunaowasimamia. Tatizo ni kwamba swali la mtihani huja limeshapangwa: A kamuuzia B, B kamuuzia C. Mteja haji hivyo. Ataanzia ugomvi wa msibani, arukie habari za ng'ombe, kisha akutolee bahasha ya risiti zilizofifia.

Ushauri wangu kwa mnaowapokea: mpeni mwanafunzi hiyo bahasha kama ilivyo. Kwanza aandike tarehe tu, kuanzia tukio la zamani kabisa, bila kifungu hata kimoja. Tarehe peke yake inaweza kuamua kesi: mpishi wa hoteli aliyefukuzwa kazi kwa uonevu anatakiwa kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akichelewa, ataanza kwa kuomba kuongezewa muda, na lazima awe na sababu.

Kisha amuulize mteja anataka nini hasa. Hapo ndipo wengi hukwama. Chukua mama anayelalamika kuwa shemeji yake kang'oa masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Mwanafunzi atauliza hati iko wapi. Hati! Vihamba vingapi vya urithi vina hati? Mpeleke shambani akaone makaburi yalipo na migomba ya nani inaishia wapi, aongee na wazee wa jirani. Akirudi kumsikiliza mama vizuri, huenda akakuta hataki kesi kabisa. Anataka njia ya kupitisha majani ya ng'ombe, na shemeji aje kuomba radhi. Na kwa Wachagga, sale hilohilo la mpakani ndilo hubebwa na anayekwenda kuomba msamaha.

Sheria nayo inamwelekeza hukohuko kwenye kupatana. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri ambalo halijapitia usuluhishi huo. Aliyekwisha kuandika maombi ya kurasa nane ayaweke kando kwanza.

Mwisho amweleze mama kwa mdomo, kwa Kiswahili cha sokoni, njia alizonazo. Asipotaja kila njia itakula nauli kiasi gani, ada kiasi gani na muda gani, mrudishe akaanze upya.