Katekisimo Ndogo ni ya nyumbani pia
Je, Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya Kikristo cha mwanamatengenezo wa Kanisa Martin Luther, ni ya darasa la kipaimara tu? Hapana, Luther hakuiandika kwa ajili ya darasa hilo tu. Angalia vichwa vya sehemu zake, kuanzia Amri Kumi, Imani (ungamo la imani ya Kikristo) na Sala ya Bwana: vinasema hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Mwaka 1529 sehemu za kwanza zilitoka kama mabango ya kubandika ukutani, kabla ya kuwa kitabu. Ndiyo maana ndani yake kuna sala za asubuhi, za jioni na za mezani, mambo ambayo mwinjilisti hawezi kuja kukufanyia kila siku.

Ila dibaji yake inawahusu wachungaji na wahubiri. Luther alikagua sharika za Saksonia, Ujerumani, mwaka 1528, akasikitika kukuta watu wengi hawajui hata Sala ya Bwana. Kwa hiyo usharika nao una wajibu wake.

Mimi wanangu nawauliza amri moja kwa jioni, tukimaliza kula. Swali la Katekisimo, "Maana yake nini?", lenyewe linatosha kuanzisha mazungumzo.