Hina mpaka ukutani, nayo ni sanaa?

SWALI: Anti shikamoo, binti yangu anasoma chuo hapa Dodoma kanionyesha kwenye simu picha za wanawake wa Moroko wameandikwa hina usoni, nguoni mpaka ukutani, mi najua hina ya harusi tu, hii nayo sanaa kweli? Mama wa Kondoa

JIBU: Marahaba mama. Ni sanaa, tena nzito! Kazi za hivyo anafanya Lalla Essaydi, mzaliwa wa Moroko, 1956. Kaligrafia (yaani uandishi wa mapambo wa herufi za Kiarabu) kwa desturi ilikuwa ya wanaume, hina ya wanawake, yeye kaziunganisha anaandika mambo ya maisha yake kisha anapiga picha. Wachoraji wa Ulaya karne ya 19 waliwachora wanawake wa huko Moroko kama mapambo ya ndani tu (inaniuma sana hii), sasa wanawake hao wanajieleza wenyewe. Muonyeshe na jirani yako asiye Muislamu, akiuliza we mjibu tu, hina si unaijua vizuri.