Maswali ya Wasomaji: Kisu cha Kukunja Kimeingia Mchanga

SWALI: Fundi, kisu changu cha kukunja, kile chenye bati la loki ndani ya mpini, kimeingia mchanga wa ufukweni. Kinakwaruza nikikifungua. Nilipulizia WD-40 kikalainika kidogo, kisha kikarudia yaleyale. Nikifungue chote? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kifungue. WD-40 huosha lakini haikai, na chembe zilizobaki kati ya washa (pete nyembamba za pembeni) na bapa, yaani sehemu yenye makali, zinaendelea kusaga.

Anza na bisibisi, maana hapa ndipo visu vingi huharibikia. Skrubu nyingi ni za Torx, zenye tundu la nyota ya pembe sita, na ukubwa wake huandikwa kwa T na namba: ile kubwa ambayo bapa huzungukia mara nyingi ni T8, za mpini na za kibanio cha mfukoni T6. T7 huingia kwenye tundu la T8 ukadhani imekaa, lakini ukitia nguvu inakula kona na kichwa kinabaki duara. Skrubu ikigoma, jua imetiwa gundi kiwandani. Iguse kichwani kwa ncha ya kifaa cha kulehemu cha mafundi redio kwa nusu dakika hivi, ujaribu ikiwa bado ya moto. Kama mpini ni wa plastiki, joto liwe kidogo zaidi.

Funga makali kwa selotepu nzito, ufanyie kazi ndani ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe. Piga picha kila hatua. Toa kibanio, kisha skrubu za mpini, ile kubwa iwe ya mwisho. Inua bamba la mpini polepole: washa ya juu hunata kwenye mafuta, ikapanda nalo na kudondoka. Ukikuta gololi badala ya washa, ziache ndani ya kishikio chao.

Safisha kila kitu kwa spiriti na mswaki mkuukuu. Washa ya shaba iliyochubuka ilaze juu ya msasa namba 2000 uliowekwa kwenye kioo, uizungushe kwa kidole. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila washa, basi. Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo. Ya nazi yatakufaa hapo Tanga, lakini ukipanda nayo Lushoto yanaganda, kwani chini ya nyuzi 24 hivi hayabaki maji. Pale bati la loki linapokutana na kisigino (mwisho wa nyuma) cha bapa pabaki pakavu kabisa; pakiwa na mafuta loki inaweza kuteleza na bapa likafunga vidoleni.

Unaporudisha, skrubu za mpini zishike tu bila kukazwa. Kaza ile kubwa mpaka bapa liache kucheza kushoto na kulia, halafu irudishe nyuma kama thumuni ya mzunguko. Ndipo umalizie za mpini. Ikizoea kujilegeza, ipake gundi ya bluu ya skrubu kwa ncha ya kijiti cha meno. Nyekundu usiiguse, hutaifungua tena bila moto.

SWALI: Nimekifunga vizuri, ila bapa limelala upande mmoja na kugusa bati. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Pengine washa zimebadilishana pande, au moja imepinda, au skrubu za mpini zilikazwa mapema. Legeza zote, sukuma bapa lililofungwa kuelekea katikati kwa kidole gumba (selotepu bado ipo), kisha kaza kwa kupokezana, kidogo kidogo. Likirudi palepale, fungua uilaze kila washa kwenye kioo: iliyopinda huyumba.

SWALI: Opinel yangu, kisu cha kukunja chenye mpini wa mti, imekaza, na sioni skrubu. – Msomaji, Bukoba

JIBU: Haina. Pini yake ni ya ribiti, yaani imegongwa ncha ikabana moja kwa moja; ukiigonga itoke hutaifunga tena ikashika sawasawa. Tatizo ni mpini wa mti uliovimba kwa maji. Uanike kivulini siku kadhaa, usiuweke juani wala jikoni ukapasuka, kisha tia tone la mafuta kwenye pini na chini ya pete ya loki. Victorinox (kisu cha Uswisi chenye vifaa vingi) nayo ni ya ribiti, lakini hiyo haiogopi maji: ifungue na kuifunga ndani ya maji ya vuguvugu mpaka uchafu utoke, uikaushe, uipe tone kila kiungo.