Wakili wa Kenya aliyeajiriwa na kampuni London: ushauri wake una kinga ya usiri?

Kwa mahakama za Uingereza, dada, usihofu. Kuapishwa kwako Nairobi hakukunyimi kinga, yaani haki ya kutolazimishwa kufichua ushauri wa wakili. Katika kesi ya Tatneft dhidi ya Bogolyubov (2020), Mahakama Kuu ilikubali kwamba kinga hiyo inawahusu hata mawakili wa kigeni walioajiriwa ndani ya kampuni, bila kuchunguza sheria za kwao zinasemaje. Ila uwe ushauri wa kisheria kweli. Kumwekea wakili nakala ya kila barua pepe ya biashara hakusaidii kitu.

Balaa liko Brussels. Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ikija kupekua masuala ya ushindani wa kibiashara, hukumu ya Akzo Nobel (2010) inamnyima kinga wakili mwajiriwa, hata awe Mholanzi aliyesajiliwa kwao. Hayo mpeni wakili wa nje, aliyesajiliwa katika nchi ya Umoja wa Ulaya.