Wiki ya tano baada ya kubadilishiwa vali, na machozi ya jioni

Dada wa Nakuru, pole sana. Nimesoma ulichoandika mara mbili. Vali ya mitrali, mlango mmojawapo wa damu ndani ya moyo, imebadilishwa ikawekwa ya chuma, hii ni wiki ya tano, kidonda kimefunga, daktari ameridhika. Lakini kila jioni unajifungia bafuni ulie, na mama mkwe anasema humshukuru Mungu. Unauliza kama umeanza kurukwa na akili.

Hujarukwa. Mimi nilifunguliwa kifua miaka 6 iliyopita, vali hiyohiyo, na wiki ya tano nililia kwa sababu sufuria ilianguka. Nililia nikisikiliza matangazo ya vifo redioni, ya watu nisiowajua hata kwa ukoo. Mzee wangu alifika mahali akawa anazima redio akinisikia natoka chumbani.

Karatasi niliyopewa siku ya kutoka wodini ilikuwa na habari za kidonda, dawa na chakula. Kuhusu kulia hapakuwa na neno. Niliona aibu, kwa sababu watu walikuwa wamefanya harambee mbili kwa ajili yangu, na mtu aliyechangiwa hivyo anatakiwa acheke. Sista mmoja wa kliniki ndiye aliyenibana: unalala? unakula? umewahi kuwaza afadhali ungekufa? Nilipomjibu ukweli hakushtuka. Aliniambia mwili uliopasuliwa mfupa kwa msumeno, damu yake ikazungushwa na mashine huku moyo umesimamishwa, kisha ukakosa usingizi wiki nzima, hauwezi kurudi nyumbani kama uliotoka safari, na kwamba huzuni ya namna hii wanaiona kwa wagonjwa wengi. Ila akaweka mpaka: ikipita wiki mbili ya kila siku bila kupungua, au mawazo ya kifo yakiingia, nisingoje tarehe ya kliniki. Wewe mwambie daktari wako sasa hivi, maana inatibika. Na usijinunulie dawa ya usingizi wala ya huzuni, kwa sababu baadhi yake hazipatani na warfarini, ile dawa yetu ya kuzuia damu kuganda.

Kuna jambo jingine la wiki ya tano ambalo halimo kwenye dawa. Mwanzoni nyumba inajaa. Kina mama wa chama walikuja na unga, sukari, hata kuku. Halafu unavaa vizuri, unasimama mlangoni kusalimia, na wote wanakata shauri kwamba umepona. Wageni wanakatika wakati ambao wewe mwenyewe ndiyo kwanza unaanza kuelewa kilichokupata. Hapo tafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kumwambia ukweli bila kumfurahisha. Wangu alikuwa dada yangu mdogo. Alikuwa akipiga simu saa mbili usiku na swali lake lilikuwa, "Leo umelia mara ngapi?" Tulifika mahali tukawa tunacheka tukihesabu.

Na kweli hujapona bado, hata kama unapendeza. Mfupa wa kifua umefungwa kwa waya, na huchukua karibu miezi mitatu kupata nguvu yake. Mimi nauza mitumba soko la Kibuye, Kisumu. Belo moja ni kilo 45, na kabla ya kuugua nilikuwa nalisukuma mwenyewe. Nilikatazwa kuinua chochote kinachozidi kilo chache, nikadhani shida itakuwa belo. Kumbe shida ni ugali! Kusonga ugali wa watu sita kunavuta kifua kuliko unavyodhani. Kufua pia, kujisuka, kumbeba mtoto, kuvuta geti zito, na mtungi wa maji wa lita 20 hata usiutazame. Kijana wangu wa kiume alijifunza kusonga ugali mwezi ule, na mpaka leo anausonga vizuri kunishinda. Ukikohoa au kupiga chafya, kumbatia mto kifuani. Kwa sisi wanawake niongeze: vaa sidiria laini ya kufungua mbele, hata usiku, kwa sababu uzito wa matiti unavuta mshono. Hilo niliambiwa na mgonjwa mwenzangu kwenye benchi, si na daktari.

Sasa warfarini, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo nilipokaribia kujiua kwa ujinga. Vali ya chuma (kiukweli ni ya kaboni, lakini nani atasema "nina kaboni moyoni") hutaka damu isigande juu yake, kwa hiyo dawa hiyo ni ya maisha. Kipimo cha INR kinaonyesha damu yako inachelewa kiasi gani kuganda. Asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mimi nimewekewa kati ya 2.5 na 3.5. Lengo lako atakupa daktari wako, usichukue langu. Mimi hupimiwa Russia, na kwa wageni wa Kisumu, hiyo ni hospitali ya Jaramogi, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na jina likabaki midomoni.

Mwaka wa kwanza nilikwenda matangani Siaya, nikakaa siku nane nikila osuga (yaani managu) na kunde asubuhi na jioni, maana za nyumbani ni tamu. Niliporudi INR ilikuwa 1.6. Mboga za majani zina vitamini K, na hiyo hupingana na dawa. Nikaogopa, nikaacha mboga kabisa, na daktari akanigombeza tena. Kumbe hatakiwi mtu kuacha sukuma, managu wala mrenda. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili kipimo cha dawa kipangwe kulingana na sahani yako.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Tumbo lilinisumbua, nikaingia kemisti fulani nikauziwa Flagyl. Sikusema natumia warfarini na muuzaji hakuuliza. Siku ya tano fizi zikaanza kutoa damu nikipiga mswaki, na mapaja yana madoa kama nimepigwa. INR 6.2. Nililazwa. Tangu siku hiyo nina kikaratasi ndani ya kifuniko cha simu: nina vali ya chuma, natumia warfarini. Nakionyesha kemisti yoyote kabla sijafungua mdomo. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen sigusi, Panadol ndiyo niliyoruhusiwa. Manyasi, yaani dawa za mitishamba, pia hapana, hata yakiletwa na shangazi aliyetoka mbali kwa miguu. Yapokee, mshukuru, yaweke.

Hedhi itakuwa nzito, jiandae, na ikizidi sema, usikae na upungufu wa damu ukidhani ni uchovu wa upasuaji. Na kabla ya kufikiria mimba zungumza na daktari kwanza, si baada, kwa sababu dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari wa meno kuhusu vali kabla hajashika koleo. Kama vali yako iliharibiwa na homa ya baridi yabisi kama yangu (nilivimba magoti nikiwa na miaka 11, ikaitwa malaria), sindano ya penisilini ya kila mwezi usiikose ukidhani vali mpya imemaliza mambo.

Mlio wa tik-tik utauzoea. Kwenye maombi ya kimya mama aliyekaa karibu nami alivua saa yake akaiweka sikioni, akaitikisa, akairudisha mkononi. Nilimwachia tu. Lakini mlio ukififia ghafla na pumzi ikakata, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Vilevile mdomo kupinda, mkono kulegea, choo cheusi, homa, usaha, mfupa kusikika ukicheza ukikohoa, au uzito kupanda kilo mbili kwa siku chache na miguu kuvimba. Usingoje kupambazuke.

Kutembea nilipima kwa nguzo za stima. Wiki ya kwanza nyumbani nguzo moja na kurudi. Wiki ya tano nguzo sita, siku nyingine tatu, na hizo tatu nilizihesabu pia. Kama huwezi kuongea huku unatembea, umezidisha. Usishindane na nguzo zangu, maana Kisumu tuko karibu mita 1,130 na hapo kwenu ni zaidi ya 1,800. Nilikuja Nakuru arusini mwaka wa pili nikahema kama mzee. Baridi yenu ya alfajiri pia iache, toka jua likishawaka.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye. Mimi wangu nilimpeleka kliniki. Sista akamweleza yote, machozi pamoja na mboga, naye akatoka pale amejipa cheo: mpaka leo ndiye anayepima sukuma kwa bakuli, na ole wake anayeniongezea.

Umesema Jumatatu unapimwa. Niandikie INR imetoka ngapi, na jioni ya leo umelia mara ngapi.