Mahindi yameshuka, unga umekataa

Ndugu, umeuliza mbona mkulima wa Kitale analia mahindi hayana bei, nasi hapa Nairobi pakiti ya kilo 2 ya unga haiteremki. Angalia katikati. Mkulima mdogo anavuna kuanzia Oktoba, mara nyingi mvua ikimnyeshea, hana kikaushio, hana ghala, na karo ya Januari inabisha hodi. Dalali anajua hayo yote. Anayabeba mabichi kwa bei ya kutupa, anayakausha hadi unyevu wa asilimia 13.5 hivi, anayaficha mpaka yaadimike sokoni, ndipo awauzie wasagaji kwa bei ya juu, na unga unabaki ghali. Yasipokauka vizuri, yanaingia sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mnakumbuka Machi 2021 tulivyozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo? Siku chache tu, ila malori yalikwama mpakani.

Mbolea ya ruzuku kushuka hadi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023 ilisaidia, sikatai. Lakini mbolea haikaushi mahindi. Mimi ningepeleka vikaushio vijijini kwanza.