Besi ya Mtumba: Tazama Shingo Kwanza

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza iwapo ununue gitaa la besi la mtumba, la nyuzi nne, linalouzwa shilingi 9,000, ambalo nyuzi zake zimeota kutu na kitufe chake cha sauti kinakwaruza. Kasoro hizo mbili zisikutishe. Hewa ya chumvi ya hapa Mombasa hula chuma chochote, na mkwaruzo aghalabu huondoka kwa kupuliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme ndani ya kitufe, kisha kukizungusha mara kadhaa. Kikiwa kimekufa kabisa, fundi redio atakulehemia kipya. Kwa besi ya muundo wa Fender Precision, aina moja maarufu, mwambie atafute cha kilo-omu 250 (kipimo cha ukinzani wa umeme).

Linalostahili wasiwasi ni shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye kidato cha kwanza, yaani kijichuma cha kwanza kinachokatiza shingo upande wa kichwa, na, kwa mkono wa pili, pale shingo inapoungana na kiwiliwili, halafu utazame katikati: mwanya unaopitisha kadi nyembamba ni salama. Ukizidi hapo, kaza chuma kilichomo ndani ya shingo kwa alenki (ufunguo mdogo wa pembe sita), robo mzunguko tu kwa wakati mmoja, kisha uiache shingo itulie kabla ya kupima tena. Chuma hicho kikigoma kuzunguka, au shingo ikiwa imejisokota, usinunue hata kwa nusu ya bei.

Rangi na mapambo yangoje. Fedha itakayobaki inunulie mkoba wenye sponji na nyuzi mpya, baada ya kupima urefu wa uzi kati ya vishikizo vyake viwili, cha juu ya shingo na cha kwenye kiwiliwili, kwa kuwa besi nyingi ni za inchi 34 lakini fupi za inchi 30 nazo zipo.